Bampa la Babu

Jumamosi, 16 Novemba

Babu amehamia chumbani kwangu leo. Mimi nimehamia chumba cha kulia, nyuma ya pazia ambalo Mama amelitundika kwa fimbo ya bafuni. Kabati langu la vitabu halipiti mlangoni, kwa hiyo limebaki huko. Nikitaka kitabu nabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe.

Mama anasema ni kwa majira ya baridi tu. Mwezi uliopita Babu alianguka nyuma ya nyumba yake huko Kentaki akichukua kuni, akalala chini mpaka jirani alipomkuta. Hakuvunjika, ila mapafu yaliugua. Amekubali kukaa na sisi hapa Illinois mpaka miti itoe maua, si zaidi. Nimemsikia akimwambia Mama mara mbili kabla hata hajavua koti.

Amekuja na gari lake. Mama ndiye aliyeendesha, na Babu alikaa pembeni njia nzima akimwambia apunguze mwendo.

Jumatatu, 18 Novemba

Kumetokea ugomvi kuhusu gari.

Kibali cha gari cha Kentaki kilikuwa kimekwisha muda. Badala ya kukihuisha kule, Mama ameliandikisha gari huku. Leo amerudi na vibao viwili vya namba, akaviweka mezani karibu na maharagwe.

"Cha pili cha nini?" Babu akauliza.

"Cha mbele, Baba."

"Gari langu halivai namba mbele."

"Huku ni lazima. Kila gari."

Kwao Kentaki kibao ni cha nyuma tu. Nimetoka nje kuliangalia gari. Ni jekundu lililoiva sana, na bampa lake la mbele ni laini kama ganda la yai. Hakuna pa kufungia kitu chochote. Niliporudi ndani Mama alikuwa tayari ameazima drili kwa jirani.

"Tonya, ukilitoboa gari langu naondoka kwa miguu."

"Ni matundu mawili madogo, Baba. Kibao chenyewe kitayafunika."

"Na nikirudi kwangu, kibao kikatolewa? Nitaendesha gari lenye matundu ya pua?"

"Tutaona ukirudi."

"Si tutaona. Nitarudi."

Kwa kawaida wawili hawa wakibishana mimi husoma. Leo nimesema, "Labda kuna njia ya kukifunga bila kutoboa." Wote wakageuka kunitazama kama vile friji imeongea.

Mama amesema nijaribu, lakini nikishindwa anatoboa. Babu amesema, "Haya, profesa. Gari lipo mikononi mwako."

Naandika ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma hapa. Sikusema vile kwa ajili ya bampa. Mama anataka Babu abaki moja kwa moja. Babu naye, siku gari likitobolewa, atajiona ameshahama. Mimi nataka chumba changu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekibandika kibao kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, ule unaotumika kubandikia vioo ukutani. Kimekaa vizuri. Babu amekizunguka mara tatu. "Kimepinda kidogo," akasema. Hakikuwa kimepinda.

Jumatatu, 25 Novemba

Kimeanguka. Jirani amekileta.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimebandika tena, utepe mara mbili ya ule wa kwanza.

Jumapili, 1 Desemba

Kimeanguka mbele ya kanisa. Babu amekiokota mbele za watu, akakiweka kwapani kama gazeti.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo nimejua kwa nini. Nilitoka nje kujaribu mara ya tatu nikamkuta Babu amepiga magoti kwenye kipande cha boksi, ana kitambaa na kopo la nta.

"Babu, huwa unapaka nta lini?"

"Kila Jumamosi. Tangu bibi yako yupo."

"Hata bampa?"

"Hasa bampa. Ndilo linalotangulia."

Nilikuwa nabandika gundi juu ya nta. Hakuna gundi duniani inayoshika nta, na kila nikibandua na kusafisha, yeye anapaka upya. Nilimweleza taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi gundi yako ndiyo mbovu." Mwishowe alikubali nisafishe sehemu ndogo tu kwa spiriti, naye akasimama pembeni ameshika kofia kifuani kama mtu aliye mazishini.

Jumatano, 11 Desemba

Baridi kali. Kibao kimeanguka. Nimesoma kwenye kasha la utepe kwamba gundi haishiki baridi ikizidi. Ningesoma mapema. Huwa nasoma kila kitu mapema, isipokuwa hilo.

Ijumaa, 13 Desemba

Babu amekuja na wazo lake: sumaku.

"Babu, bampa ni plastiki."

"Plastiki nini. Gari hili ni chuma kitupu."

Alichukua sumaku ya friji yenye umbo la kuku, akatoka nayo na soksi tu miguuni. Akaiweka kwenye bampa. Ikateleza ikaanguka. Akaokota, akaiweka tena pembeni, ikaanguka. Akairudisha kwenye friji.

Wakati wa chakula alikula akiitazama friji. Mama aliniuliza kwa macho kuna nini. Baadaye, tukiosha vyombo, Babu aliniambia kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii nawaambia watu ni chuma."

Alhamisi, 19 Desemba

Mtihani wa historia. Nadhani nimefanya vizuri.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimesahau kuandika kwamba Babu ndiye anayenifundisha kuendesha. Nina kibali cha mwanafunzi na sheria inataka niendeshe saa nyingi nikiwa na mtu mzima. Mama hupiga kelele na kushika mlango. Babu hukaa tu, mikono juu ya mapaja. Leo nilizima injini katikati ya makutano, gari lililo nyuma yetu likapiga honi, yeye akasema, "Mwache apige. Ndiyo kazi aliyoiamkia."

Kibao tunakiweka kwenye dashibodi kwa sasa.

Jumatatu, 30 Desemba

Tumesimamishwa na polisi. Nilikuwa nimeshika usukani mimi. Afande mwenyewe ni kijana, anaitwa Kessler, dada yake yuko darasa moja na mimi. Aliinama dirishani upande wa Babu.

"Mzee, kibao cha mbele kiko wapi?"

"Hiki hapa. Kinaota jua."

"Kinatakiwa kiwe nje."

"Nje kuna baridi, afande."

Nilitamani kiti kinimeze. Afande Kessler alikunja midomo asicheke. Ametuandikia onyo: kibao kifungwe mbele ya gari, imara, kisichezecheze, na twende kituoni kukionyesha kabla ya mwisho wa Januari. Vinginevyo ni faini, na kila tukisimamishwa ni faini nyingine.

Mama amelisoma onyo, akaliweka kwenye friji chini ya yule kuku. "Mwisho wa Januari, Delaney," akaniambia. "Baada ya hapo natoboa, apende asipende." Kisha akasema kitu ambacho nimekifikiria jioni nzima: "Labda ni bora iwe hivyo. Kitu kikishatobolewa, mtu anatulia."

Jumamosi, 4 Januari

Nimekifunga kwa nyuzi ngumu za plastiki kupitia wavu wa chini ya bampa.

Jumanne, 7 Januari

Kibao kipo. Upepo kutoka mashambani unakitikisa usiku kucha, kinagonga tap, tap, tap. Chumba cha kulia kiko upande huo.

Kuhusu vitabu: Babu ameanza kuuacha mlango wazi mchana ili nisibishe hodi. Leo nilimkuta ameshika riwaya yangu moja, ameiweka mbali na macho kwa urefu wa mkono. "Huyu nahodha anakufa?" akaniuliza. Nikamwambia siwezi kumwambia, nitamharibia hadithi. "Niambie. Kwa umri wangu mtu hapotezi muda na mtu atakayekufa." Nikamwambia hafi. Akasema vizuri, akageuza ukurasa.

Jumatano, 8 Januari

Babu ameona kabla yangu. Ukingo wa kibao umekuwa ukisugua bampa, na chini kuna mstari mweupe wa urefu wa kidole. Aliinama akauangalia kwa muda mrefu. Sikuweza kusimama pale, nikaingia ndani.

Baadaye aliniita. Alikuwa ameusugua kwa kitambaa na umetoka wote. "Ilikuwa nta tu," akasema. "Nta ndiyo iliyoumia. Unaona kazi yake?" Amezikata nyuzi. Alikuwa mwema kupita kiasi, na hilo limenisumbua zaidi ya kama angenigombeza.

Ijumaa, 10 Januari

Nitaandika yote, maana Mama atauliza na nataka kukumbuka ni kipi nimeahidi kutosema.

Theluji ilianza saa nne asubuhi. Mchana shule ikatangaza inafunga mapema na mabasi yatachelewa, na Mama alikuwa kazini hospitali. Nilipotoka nilimwona Babu mbele ya lango, injini inanguruma, kibao dashibodini. Sikumwomba aje. Wanafunzi wengine walikuwa wanaliangalia gari na mimi nikaingia haraka nikijifunika skafu.

Tulishika njia ya mashambani kwa sababu anaichukia barabara kuu. Theluji ilikuwa inapita barabarani kwa ulalo, kama mtu anaikokota. Babu alikuwa anaendesha polepole. Kisha kulungu akatokea. Hakuwa hata karibu, lakini Babu alikanyaga breki, na gari likageuka taratibu kabisa, nikaona shamba, kisha barabara tuliyotokea, kisha shamba tena, tukatua mtaroni, pua chini. Kibao kiliruka kikanigonga gotini.

Hakuna aliyeumia. Babu alikuwa bado ameshika usukani.

"Umeumia?"

"Hapana, Babu. Wewe?"

"Hapana."

Nilipiga simu ya huduma ya kuvuta magari. Waliuliza tuko barabara gani, nikamgeukia Babu. Akafungua mdomo, akaufunga. Alipita njia ile karibu kila siku. Alikuwa anaitazama mikono yake juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine. Nikawaambia mimi ni wapi.

Walisema tusubiri, magari mengi yako mtaroni leo. Tulizima injini, tukaiwasha kidogo kidogo kupata joto. Alikuwa na mkate wa mahindi kwenye karatasi ndani ya koti. Tukaugawana.

"Usimwambie mama yako nilikanyaga breki," akasema. "Mtoto mdogo anajua hukanyagi breki kwenye barafu."

"Sitasema."

Baada ya muda akaanza kusimulia ile siku aliyoanguka, bila mimi kuuliza. Alisema alikuwa amelala chali, kuni zimemwagika, na hakuwa na hofu ya kufa. Alikuwa amechoka tu kutazama tawi lile lile. "Nilichoogopa ni mtakavyokuja," akasema. "Nilijua mtakuja, mnichukue, mnihurumie. Mama yako ana huruma nyingi. Mtu anaweza kuzama humo."

Nikamwambia huko chumbani anaweza kuviondoa vitabu vyangu kwenye meza kama vinambana. Akasema havimbani.

Aliyekuja na lori la kuvuta ni mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu. Alifungua buti la gari letu, akainua zulia, akatoa kulabu ya chuma yenye pete, urefu wa mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko kasoro kidogo. Babu akasema hajawahi kuiona. Yule mwanamke akaja mbele, akaingiza bisibisi pembeni ya bampa, na kifuniko kidogo cha mraba kikatoka. Miezi yote nimelishika bampa lile na nilidhani ni pambo. Nyuma yake kulikuwa na tundu lenye meno ya skrubu ndani, tundu la kiwandani, linaloingia mpaka kwenye chuma cha gari. Akaanza kuizungusha kulabu ndani, kwa kushoto.

"Si unafungua hiyo?" nikauliza.

"Nafunga. Hii inafunga kinyume. Wengi wanaivunja kwa kulazimisha."

Akatuvuta. Babu alisimama barabarani anatazama gari lake likitoka mtaroni kwa kutumia chuma ambacho hakujua anacho. Alinigonga bega. "Nilikuambia lina chuma," akasema.

Mama nimemwambia kuhusu kulungu. Breki sikutaja.

Jumamosi, 11 Januari

Tundu lipo tayari. Sikulala vizuri kwa kulifikiria.

Jumatano, 15 Januari

Mwalimu Hruska wa karakana ya shule ameniruhusu kutumia mashine za chuma wakati wa mapumziko, ingawa sisomi somo lake. Nimempelekea kulabu na kibao. Amesema tukate kipande cha alumini, tukifunge kwenye pete kwa bolti mbili na mpira katikati, kisha kibao juu yake. "Shida ni kwamba kitazunguka," akasema. "Kibao ni kama tanga, upepo utakigeuza." Ameniachia hilo nilifikirie.

Ijumaa, 17 Januari

Jibu ni nati ya kukazia nyuma ya pete, inayosukuma dhidi ya chuma cha ndani, si dhidi ya bampa. Nimechora. Mwalimu Hruska ameuangalia mchoro na kusema, "Sawa," na yeye hasemi sawa ovyo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimefunga. Mara ya kwanza kulabu haikushika na nikaanza kulazimisha, kisha nikakumbuka nageuza kulia. Nikatoa, nikaanza upya kwa kushoto, ikaingia kama maji.

Kibao kimekaa upande mmoja wa bampa, si katikati. Kati yake na rangi unaweza kupitisha vidole viwili. Babu hakuangalia kulabu wala alumini, akaenda moja kwa moja kupitisha vidole kwenye ule mwanya, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Kama kofia iliyokaa upande," akasema. "Kijana anayekwenda dansini."

Jumatano, 29 Januari

Tumekwenda kituoni. Afande Kessler alikishika kibao kwa mikono miwili akakitikisa mpaka gari zima likayumba.

"Nani kafunga hii?"

"Profesa wetu," Babu akajibu. "Usimwambie dada yako, ataona wivu."

Ametia sahihi kwamba onyo limefutwa. Nimerudi nikiendesha mimi.

Jumapili, 2 Februari

Mama amerudisha drili kwa jirani. Kabla hajatoka nayo alisimama jikoni, waya umezungushiwa mkononi.

"Nilidhani hutaweza," akasema.

"Na mimi pia."

"Ulitaka aende, sivyo?"

"Nilitaka chumba changu."

"Na sasa?"

Nikamwambia nina kazi ya nyumbani ya hesabu. Nilikuwa nayo kweli.

Jumatano, 12 Februari

Theluji. Kibao kipo.

Alhamisi, 13 Februari

Theluji tena. Kibao kipo.

Jumatatu, 17 Februari

Upepo umeangusha uzio wa jirani na boksi la barua letu. Kibao kipo.

Jumamosi, 1 Machi

Daktari amesema mapafu ni safi. Mama alikuwa ametayarisha maneno yake ndani ya gari, nilimwona midomo ikicheza kabla hatujawasha.

"Baba, daktari huyu ni mzuri. Huko kwako wa karibu ni mwendo wa saa nzima."

"Mapafu yangu yanajua njia ya nyumbani."

"Na ukianguka tena?"

"Jirani yangu Napier amesema ataniletea kuni mpaka ndani. Na simu nitaivaa shingoni, kama ng'ombe na kengele. Umeridhika?"

Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nilitamani mmoja wao aniulize mimi naonaje, lakini hakuna aliyeuliza, na mimi si mtu wa kusema bila kuulizwa.

Jumamosi, 8 Machi

Babu amepaka nta. Nimemsaidia upande wa kushoto. Amemaliza ile riwaya. Anasema ningemwambia ukweli: nahodha hakufa, lakini alibaki peke yake, na hilo alikuwa na haki ya kulijua mapema.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa jirani kurudisha sahani ya keki. Drili ilikuwa kwenye rafu ya gereji, karibu na mlango. Nimeitazama. Nimeacha sahani nikaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna jipya. Mvua. Theluji yote imekwisha.

Jumatatu, 24 Machi, Kentaki

Shule imefungwa wiki nzima. Tulikuja juzi, Mama na gari lake nyuma, mimi nikiendesha la Babu. Tulipovuka daraja la mto Ohio na kuingia Kentaki, Babu, pembeni yangu, akaniambia naweza kuongeza mwendo kidogo. Sikuongeza. Huku miti imeshatoa maua ya zambarau kando ya barabara, na yeye aliitazama kama mtu anayehakiki mizigo yake.

Leo asubuhi tumekwenda mjini kuliandikisha gari upya. Wametupatia kibao kimoja tu.

Nimeifungua kazi yangu uani kwake. Bolti za alumini kwanza, kisha nati, kisha kulabu, na kwa sababu inafunga kushoto niliifungua kwa kulia, kama mtu anayekaza. Nimerudisha kile kifuniko cha mraba, kikaingia kwa mlio mdogo. Babu akapitisha kitambaa mara moja. Mama alikuwa ndani anapanga dawa kwenye rafu, kisha anazipanga upya.

Bwana Napier, yule jirani aliyemkuta, alikuja na mkewe na toroli la kuni. Babu hakuwaacha hata washushe.

"Njooni hapa mbele," akasema. "Majira yote ya baridi, Illinois, sheria zao zile, kibao mbele kila siku, na huyu mjukuu wangu hakuacha alama. Hata moja. Tafuteni wenyewe."

Bwana Napier akainama, mikono magotini. Mkewe akavaa miwani. Mama akatoka ndani, naye akainama. Wakatazama kutoka kushoto, wakatazama kutoka kulia dhidi ya jua, wakasema kweli, hakuna kitu, gari hili ni kama halijawahi kwenda popote. Babu alikuwa anacheka.

Nikainama pamoja nao, nikatafuta kuliko wote, nikitamani nione hata alama moja.